JOHANNES REBMANN: ALIYEIONA THELUJI, ASISADIKIWE

Kila mwaka ukurasa huu huhifadhiwa kwa maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Mara nyingi huwa ni mshairi, au shujaa aliyepigania uhuru. Safari hii mimi nimemchagua mtu ambaye hakuwa mshairi wala mpiganaji. Alikuwa mgeni, alikuja kwetu kutoka Ujerumani, akakaa miaka 29 bila kurudi kwao hata siku moja, na sifa yake kubwa ni kwamba aliona kitu cheupe juu ya mlima akasema ni theluji. Wakubwa wa elimu huko Ulaya wakamcheka. Jina lake ni Johannes Rebmann.

Najua kuna watakaouliza, sisi watu wa Magogoni na theluji wapi na wapi? Hapa kwetu jua ni lile lile mwaka mzima, na baridi yetu kali ni ule upepo wa kusi wa mwezi wa Julai unaotufanya tuvae sweta asubuhi na kuivua saa nne. Barafu twaijua ya friji, ya masanduku ya wauza samaki, na ile ya ukwaju tunayoinunua tukitoka shule. Lakini hebu tulitazame neno lenyewe. Barafu limetoka katika Kiajemi, na huko asili yake ni theluji hasa. Na theluji nalo limetoka katika Kiarabu. Mabaharia na wafanyabiashara walituletea majina mawili ya kitu hicho kutoka ng'ambo ya bahari, ilhali kitu chenyewe kiko nyuma yetu, juu ya Kilimanjaro, kilomita zipatazo 260 tu kutoka Rabai kwa mstari ulionyooka. Na mtu aliyeipeleka habari hiyo duniani aliondokea hapa hapa kwetu pwani. Ndiyo maana nikaona ni haki aandikwe katika gazeti letu.

KUZALIWA NA KUJA MOMBASA

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na mji wa Stuttgart, huko Ujerumani ya kusini. Wazazi wake walikuwa wakulima wa mizabibu. Kwao theluji si ajabu. Kila mwaka majira ya baridi yakifika, huanguka kutoka mawinguni nyepesi kama sufi, ikafunika mapaa, mashamba na njia. Mtoto wa huko huijua theluji kama mtoto wa Kisauni anavyojua maji kujaa na kupwa. Tafadhali lishikeni jambo hili, kwani baadaye litatufaa.

Kijana huyo alisomea kazi ya umisheni katika mji wa Basel, Uswisi, kisha akaenda Uingereza kumalizia masomo katika chuo cha jumuiya ya wamisionari wa Kanisa la Kiingereza. Jumuiya hiyo ndiyo iliyomtuma Afrika Mashariki. Alifika Mombasa mwezi wa Juni 1846, akiwa na umri wa miaka 26.

Huku alimkuta Mjerumani mwenzake, Johann Ludwig Krapf, aliyemtangulia kwa miaka miwili. Krapf alikuwa na msiba mzito. Mkewe Rosine alifariki mwezi wa Julai 1844, wiki chache tu baada ya wao kufika Mombasa, na kitoto chao kichanga kikafuata siku chache baadaye. Walizikwa upande wetu huu wa bara, na mnara wa ukumbusho wao uko hadi leo huko Nyali. Wengi wetu twapita karibu na hapo tukienda mjini wala hatugeuzi shingo.

Mnamo tarehe 25 Agosti 1846 Krapf na Rebmann walifungua kituo chao Rabai, kwa ruhusa ya wazee wa Kirabai. Siku hiyo wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa, hata kupanda kile kilima ilikuwa taabu. Kutoka Magogoni, Rabai si mbali. Unavuka daraja la Nyali, unapita mjini, unashika barabara ya Nairobi hadi Mazeras, kisha unapinda kulia. Kwa matatu ni safari ya asubuhi. Ukifika utaona kanisa la zamani, makumbusho yenye jina la Krapf, na nyumba aliyokuwa akiishi Rebmann. Ni nyumba ndogo sana kwa mtu mwenye habari kubwa kiasi hicho.

SAFARI YA KWANZA, 1848

Watu wa pwani walikuwa wakifanya biashara na bara tangu zamani. Misafara ya Waswahili na Wamijikenda ilikwenda Taita, Taveta na Uchagani kutafuta pembe za ndovu, na habari za mlima mkubwa zilikuwa zikizungumzwa barazani mjini Mombasa. Krapf ameandika kwamba liwali wa Mombasa aliwaonya wasijaribu kuupanda mlima huo. Alisema una majini, na kwamba waliothubutu kupanda walikakamaa mikono na miguu, na baruti yao ikakataa kuwaka.

Wasomaji, hebu tuyapime maneno hayo kwa akili za leo. Kukakamaa mikono na miguu ndiko kunakompata mtu aliyeshikwa na baridi kali asiyekuwa na mavazi ya kumkinga. Damu huacha kufika vidoleni, nyama hufa. Na baruti ikiingia umande na ukungu haiwaki. Kwa hivyo liwali hakusema uongo. Alichokosa ni jina la mwenye kufanya madhara hayo, akayabandika kwa majini. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann aliondoka Rabai kwenda Uchagani. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Bwana Kheri, Mswahili Mwislamu aliyezijua njia za bara kama kiganja chake. Msafara ulikuwa mdogo. Bunduki Rebmann hakubeba, alichukua mwavuli. Watu wakastaajabu, kwani njia hiyo ilikuwa na simba, kifaru na watu wenye uadui. Lakini mwavuli ulimfaa zaidi kuliko bunduki, maana ilikuwa masika, mvua ikinyesha na jua likichoma kwa zamu.

Waliivuka nyika ya Taru, ile kavu yenye miiba ambayo hadi leo ukiipita kwa basi la Nairobi unaona vumbi jekundu na vichaka tu. Wakapita milima ya Taita, wakashuka upande wa pili. Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848, siku ya kumi na tano ya safari, milima ya Uchagani ikaanza kuonekana. Juu ya mmoja wao Rebmann akaona weupe unaong'aa. Kwanza alidhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake ni nini kile. Kiongozi akamjibu kwa neno moja tu, kwamba kile ni baridi.

Mimi nikilifikiri jibu hilo nalipenda sana. Bwana Kheri hakuwahi kuigusa theluji, na jina lake hakulijua, lakini hakusema ni fedha wala hakusema ni jini. Alisema ni baridi, na hakukosea. Yule Mjerumani naye, aliyelelewa katika theluji, alilisikia neno hilo akafahamu papo hapo anachokitazama. Habari hiyo ilikamilika kwa kukutana watu wawili. Mmoja aliijua njia, mwingine akakijua kitu. Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi akafika Kilema, kwa mtawala aliyeitwa Masaki, akapokewa vyema. Mwezi wa Juni akawa amerudi Rabai salama.

MACHAME NA HABARI ZA SABAYA

Rebmann hakutosheka na mara moja. Mwezi wa Novemba 1848 aliondoka tena, akafika Machame chini kabisa ya mlima, kwa mtawala mkubwa aitwaye Mamkinga. Huko aliutazama mlima kwa karibu, mchana na hata usiku wa mbalamwezi, akaona weupe ni ule ule hauondoki. Wingu huja na kwenda, lakini weupe huo ulibaki mahali pake siku nenda siku rudi.

Tena aliwauliza wenyeji. Wachaga walimweleza wazi kwamba ile kitu ni baridi, ikiletwa chini au ikiwekwa motoni hugeuka maji, na kwamba mito yao hutoka huko juu. Wakamhadithia pia kisa cha zamani. Babake Mamkinga, mtawala aliyeitwa Rungua, aliwahi kutuma kikundi cha watu wakapeleleze ule weupe ni kitu gani. Kati yao alirudi mmoja tu, jina lake Sabaya, naye alirudi na mikono na miguu iliyoharibika kwa baridi.

Nawaomba wasomaji wenzangu tumkumbuke Sabaya. Vitabu vingi huanza kuhesabu waliokwenda kwenye theluji ya Kilimanjaro kwa majina ya Wazungu. Kumbe miaka mingi kabla yao wako Wachaga waliotumwa na mtawala wao, wakapanda bila viatu vizito wala nguo za sufu, wakafia huko. Hawa nao walikuwa wapelelezi wa elimu, ila hawakuwa na gazeti la kuwaandika.

Safari ya tatu, ya Aprili hadi Juni 1849, haikwenda vizuri. Rebmann alitaka kupita Uchagani aende mbali zaidi, hadi Unyamwezi, akachukua wapagazi 30 na bidhaa nyingi. Alipofika Machame, Mamkinga akawa anamwomba zawadi leo, kesho zawadi nyingine, hadi vitu vyake vikamalizika na safari ikavunjika. Alirudi Rabai mikono mitupu, mgonjwa, mvua ikimnyeshea njia nzima. Hakwenda Uchagani tena maisha yake yote.

WALIOKATAA BILA KUONA

Barua ya Rebmann ilichapishwa London mwaka 1849 katika jarida la jumuiya yake. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Alikuwako bwana mmoja huko Uingereza, William Desborough Cooley, aliyehesabiwa kuwa bingwa wa jiografia ya Afrika. Alikuwa amesoma vitabu vya Kiarabu na vya Kireno, akachora ramani, lakini bara la Afrika hakulikanyaga. Cooley alisema haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta. Alidai kwamba Rebmann hakuiona kwa macho bali kwa mawazo yake mwenyewe. Mwaka 1852 alitoa kitabu kizima juu ya bara la Afrika akashikilia msimamo wake. Wakubwa wengine wakamfuata, kwa kuwa Cooley alikuwa na jina na Rebmann alikuwa mmisionari maskini tu wa Rabai.

Hata Krapf aliposema kwamba yeye naye ameuona Kilimanjaro, na kwamba tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Kitui ameuona mlima mwingine wenye theluji, yaani Mlima Kenya wetu, hawakumsadiki. Ikawa mashahidi wawili dhidi ya mtu mmoja na meza yake, na meza ikashinda.

Je, Cooley alikuwa na hoja? Mwenye jua la Magogoni utosini angeweza kumwonea huruma. Lakini hesabu yake haikuwa na mizani. Ukipanda juu kila meta 1,000, hewa hupungua joto kwa nyuzi 6 hivi. Kilele cha Kibo kina meta 5,895. Chukueni kalamu. Ikiwa Mombasa ni nyuzi 30, ondoa 35, utabakia na 5 chini ya sufuri. Maji hapo ni lazima yagande. Tena jambo hili halikuwa geni kwa wasomi wa Ulaya. Mlima Chimborazo huko Ekwado, Amerika ya Kusini, uko karibu na ikweta na una theluji, na mwanachuoni Alexander von Humboldt alikwisha kuupanda hadi juu sana mwaka 1802 na habari zake zikasomwa na kila mtu. Waliyakubali ya Amerika wakayakataa ya Afrika. Sababu yake kila msomaji aipime mwenyewe.

Jambo jingine ni majira. Rebmann aliuona mlima mwezi wa Mei, mwishoni mwa masika. Mvua inayotunyeshea sisi huku chini, kule juu huanguka ikiwa theluji. Kwa hivyo aliuona wakati umevaa kanzu yake ndefu kabisa. Tena aliuona asubuhi. Mlima ule mara nyingi hujifunika mawingu jua likipanda, na mwenye kuchelewa haoni kitu.

UKWELI WAJITOKEZA

Subira huvuta heri, lakini heri hiyo ilichelewa. Mwaka 1861 Mjerumani Karl Klaus von der Decken alikwenda Kilimanjaro pamoja na Mwingereza Richard Thornton, mtaalamu wa mawe, wakaupima mlima. Mwaka uliofuata von der Decken alirudi na Otto Kersten, wakapanda hadi meta 4,300 hivi, na theluji ikawaangukia. Cooley hata hapo alikataa.

Kisha mwaka 1871 akaja Charles New, mmisionari wa Kimethodisti aliyekaa Ribe, jirani kabisa na Rabai. Huyu alipanda na watu wa pwani na kiongozi wa Kichaga. Wengine baridi iliwashinda wakabaki njiani. New akaendelea hadi akaifikia theluji, akaigusa kwa mkono, akavunja kipande akashuka nacho. Ilikuwa miaka 23 tangu Rebmann aione.

Kilele chenyewe kilifikiwa tarehe 6 Oktoba 1889 na Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller wa Austria. Kisa chao chatufundisha tabia ya theluji. Tarehe 3 Oktoba waliondoka usiku wa manane wakafika kwenye barafu ngumu kama kioo. Ikabidi wachonge ngazi kwa shoka, na kila kidaraja kiligharimu mapigo kama 20. Kisha jua likapanda, uso wa theluji ukalainika, wakawa wanazama ndani yake kila hatua. Walifika ukingoni mwa bonde la volkeno alasiri, hawana nguvu, wakarudi. Siku tatu baadaye walilala juu zaidi ili wawahi wakati theluji ingali imeshikana, ndipo wakafaulu. Hadi leo wapandaji huondoka usiku kwa sababu hiyo hiyo. Alfajiri theluji hubeba mtu, mchana humzamisha. Ni kama mvuvi anayengojea maji. Huwezi kuyalazimisha, wewe ndiwe wa kufuata saa yake.

Na wako waliokwenda huko kwa mchezo. Mwaka 1912 Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo wakiwa na mbao ndefu nyembamba za kuvaa miguuni, zile wanazotumia watu wa nchi za baridi kutelezea kwenye theluji. Wakateleza juu ya Kilimanjaro, ikweta ikiwa karibu! Barafu kubwa moja iliyoko kileleni ikapewa jina la Furtwängler. Laiti Rebmann angekuwa hai akamwonyesha Cooley.

MAISHA YAKE YA BAADAYE

Nisije nikawafanya mdhani kwamba Rebmann aliishi kwa ajili ya mlima. Kazi yake ilikuwa dini na lugha, na katika dini matunda yalikuwa machache mno. Baada ya miaka mingi waumini wake walihesabika kwa vidole. Krapf alirudi Ulaya, wenzake wengine wakafa kwa homa au wakaondoka, yeye akabaki.

Mwaka 1851 alioa huko Misri mwalimu wa Kiingereza aitwaye Emma, akaja naye Rabai. Mtoto wao alifariki angali mchanga. Mwaka 1857 mashambulizi ya Wamaasai yaliwatoa Rabai, wakakaa Zanzibar kwa muda, kisha wakarudi. Emma alifariki mwaka 1866, Rebmann akabaki mjane katika ile nyumba ndogo.

Kwa upande wa elimu hakulala. Yeye na mwenzake Jakob Erhardt waliwauliza wasafiri wa misafara habari za maziwa ya bara, wakachora ramani iliyotokea mwaka 1855 na 1856. Ramani ilikuwa na kosa, maana Nyasa, Tanganyika na Viktoria waliyaunganisha yakawa ziwa moja refu mno. Walakini ni ramani hiyo yenye kosa iliyowafanya Waingereza wawatume Richard Burton na John Speke waje kutazama, na mwaka 1858 Speke akaliona ziwa Viktoria. Burton mwenyewe alimtembelea Rebmann Rabai mwanzoni mwa mwaka 1857.

Sisi wa Chama cha Kiswahili tuna deni zaidi. Rebmann alikusanya maneno ya Kiswahili na ya Kinyika miaka nenda miaka rudi, na kazi yake ikaingia katika kamusi zilizotolewa baadaye. Kamusi yake ya lugha ya Kinyasa, iliyotokea 1877 baada ya kifo chake, aliipata kwa mtu mmoja aitwaye Salimini, mtumwa aliyeletwa pwani kutoka huko Nyasa. Fikirini hilo. Mtu aliyeporwa kwao, akauzwa, alikaa Rabai akafundisha lugha yake neno kwa neno, ikahifadhiwa kitabuni.

Kusoma na kuandika kwa miaka hiyo yote, pamoja na maradhi, kulimwondolea Rebmann macho yake. Mwaka 1875, wakati jumuiya yake ilipokuwa ikijenga Frere Town hapa Kisauni kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, pale tunapopaita Kengeleni kwa sababu ya kengele yake, Rebmann alikuwa kipofu. Mtu aliyeambiwa haoni vizuri wakati macho yake yalipokuwa mazima, sasa kweli hakuona tena.

Aliyemwongoza kurudi Ulaya alikuwa kijana wa Rabai, Isaac Nyondo. Alimshika mkono melini, akamshika mkono mpaka Ujerumani. Mwaka 1848 Bwana Kheri alimwongoza kuingia bara, mwaka 1875 Nyondo akamwongoza kutoka. Kati ya safari hizo mbili Mjerumani huyu hakufika popote bila mtu wa kwetu mbele yake.

Alikaa Korntal, karibu na kijiji chake, aliko Krapf. Huko alioa mara ya pili, lakini hakudumu. Tarehe 4 Oktoba 1876 alifariki kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na umri wa miaka 56. Krapf alimfuata mwaka 1881. Wamezikwa Korntal wote wawili. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana, na hao walikutana hadi kaburini.

TUNALOPATA SISI

Nina mambo mawili ya kuwaachia.

La kwanza ni juu ya ushahidi. Katika darasa na katika mijadala yetu ya Ijumaa, mara nyingi mwenye sauti kubwa ndiye hushangiliwa. Cooley alikuwa na vitabu, ramani na jina. Rebmann alikuwa na macho yake, maneno ya kiongozi wake na maneno ya Wachaga. Waliokuwa wakiishi chini ya mlima hawakuulizwa kabisa na wakubwa wa London, ilhali wao walijua hata kwamba ile kitu ikipata moto huwa maji. Kabla ya kumcheka anayeleta habari ngeni, tuulize aliitoa wapi, na nani mwingine aliyeiona.

La pili linatuhusu zaidi, kwa kuwa theluji yenyewe inaondoka. Wapimaji wamekuta kwamba kati ya mwaka 1912, alipokwenda Furtwängler na mbao zake, na mwaka 2011, Kilimanjaro kilipoteza karibu asilimia 85 ya barafu yake. Dunia imezidi joto, na hewa ya huko juu imekauka, theluji mpya haitoshi kufidia inayokwisha. Barafu ile yenye jina la Furtwängler imekuwa ikikatika vipande. Mwanafunzi wa shule yetu akitaka kuuona weupe aliouona Rebmann, asingoje uzee.

Na siku hiyo itakapokuja, ambapo mzee wa Magogoni atamwambia mjukuu wake kwamba juu ya Kilimanjaro palikuwa na theluji mwaka mzima, sijui mjukuu atasadiki au atacheka kama Cooley. Ndiyo maana nimeona niyaandike haya hapa, pamoja na tarehe zake, yabaki katika maktaba yetu.